NENO "KALI": UKALI WA KISU SI UKALI WA ASKARI

Yako maneno ambayo askari huyasikia tangu siku anapoingia kambini hadi siku anaporudisha sare zake, na neno "kali" ni mojawapo. Mkufunzi ni mkali. Jua la uwanja wa gwaride ni kali. Nidhamu ni kali, adhabu ni kali, ulinzi wa lango ni mkali. Ni neno fupi la silabi mbili tu, lakini limetwikwa mizigo ambayo lugha nyingine zimeigawia maneno manne au matano.

Katika makala haya tumekusudia kulichambua neno hilo mbele ya wasomaji wetu wa jeshi na polisi. Hatufanyi hivyo kwa mapenzi ya sarufi peke yake. Katika kazi yetu neno lisilopimwa laweza kumfunga mtu asiye na hatia, laweza kumwachilia mwenye hatia, na laweza kuvunja katika dakika moja imani ya raia iliyojengwa kwa miaka mingi. Askari hufundishwa kuihesabu kila risasi aliyopewa. Yafaa ajifunze kuyahesabu na maneno yake.

MAKALI YA CHUMA

Tuanze na kitu kinachoshikika mkononi. Kisu kikali, panga kali, wembe mkali, shoka kali: hapa neno letu lataja upande wa chuma unaokata, ambao wenyewe huitwa makali. Chuma kilichopoteza makali ni butu, nacho hunolewa hata kitiwe makali tena. Kinyume cha "kali" katika maana hii ni "butu", wala hakuna mtu atakayesema kisu kipole.

Kutoka katika chuma neno lahamia ulimini. Pilipili ni kali, siki ni kali, tumbaku ni kali. Watu wa pwani hugema tembo katika mnazi. Likinywewa lingali bichi huitwa tembo tamu, na likishachachuka hadi kulevya huitwa tembo kali. Ndivyo tulivyopata pia pombe kali, yaani ile iliyokenekwa, ambayo serikali za nchi zetu zimepambana nayo mara kwa mara. Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko. Ni juzi tu, mwaka 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Na kila dereva wa jeshi aliyewahi kushughulika na betri ya gari aijua tindikali, maji yanayokula nguo na ngozi, ambayo jina lake lenyewe limeficha neno "kali" ndani yake.

Kisha neno latoka mwilini na kuenea duniani. Jua kali, baridi kali, upepo mkali, njaa kali, maumivu makali, harufu kali. Mteremko ulio wima ni mkali, na kona inayojikunja ghafula ni kona kali. Sauti inayopenya masikio ni kali, na jicho lisilopepesa ni kali vilevile. Wazee wetu walisema kwamba ukali wa jicho washinda wembe.

Je, vitu hivi vyote vina udugu gani? Ukivitazama kwa makini utaona kwamba vyote vyapenya. Wembe wapenya nyama, pilipili yapenya ulimi, jua lapenya ngozi, sauti yapenya sikio, na jicho la mkubwa wako lapenya hadi moyoni ukakumbuka kwamba hukung'arisha viatu. Kwa hiyo "kali" si neno la hasira hapo asili yake. Ni neno la kitu chenye nguvu ya kuingia, na hasira imeingizwa humo kama mpangaji katika nyumba ya mwingine.

MBWA MKALI AU "MBWA KALI"?

Hapo ndipo tunapomfikia mnyama. Katika malango mengi ya mijini, Nairobi na kwingineko, pameandikwa kibao "Mbwa Kali". Wenye Kiswahili cha pwani huona maneno hayo wakacheka, kwa sababu mbwa ni kiumbe hai, naye hustahili kupewa kiambishi cha viumbe hai: mbwa mkali, na wakiwa wengi, mbwa wakali. Tofauti hiyo si ya mapambo tu. Chukua lile neno tembo. Ukisema "tembo mkali" umemtaja ndovu aliyekasirika, na watu watapanda miti. Ukisema "tembo kali" umetaja kinywaji, na huenda watu wakasogea karibu. Herufi moja imetenganisha porini na kilabuni.

Kiswahili cha kambini hakikujali mambo hayo. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda, nalo likakusanya watu wa makabila mengi waliohitaji lugha moja ya haraka. Kiswahili kilichozaliwa humo, ambacho kiliitwa Kikeya kwa kufuata herufi za jina la jeshi hilo, kilipunguza viambishi na kubakiza vitenzi vya kuamuru. Kwa kazi ya vita kilifaa. Lakini kiliacha urithi ambao tutaurudia hapa chini.

Askari wa Uganda ana sababu nyingine ya kujihadhari. Lugha ya nyumbani kwake aghalabu haikusanyi maana hizi chini ya neno moja. Mganda humwita mbwa wa namna hiyo "embwa enkambwe", lakini kisu chenye makali kwake ni "ekiso ekyogi", na kitu kichungu au kilichochacha hutumia kitenzi "okukaawa". Mwacholi naye ana neno "ger" kwa mnyama au mtu mwenye hasira. Mtu aliyelelewa katika lugha zinazotenganisha hukuta katika Kiswahili neno moja likifanya kazi ya wote, naye hulitupa popote akidhani kwamba msikilizaji ameelewa maana ile ile aliyokuwa nayo yeye. Mara nyingi sivyo.

MAKALI, NCHA NA KITU BUTU

Wenzetu wa polisi wanaijua vizuri ile kauli ya taarifa za magazeti: marehemu alishambuliwa kwa "kitu chenye ncha kali". Kauli hiyo imekuwa kama muhuri, hata hupigwa kwenye kila taarifa bila kutazamwa. Ncha ni kitu kimoja, na makali ni kitu kingine. Mkuki na bisibisi vina ncha. Panga na wembe vina makali. Kisu cha jikoni aghalabu kina vyote viwili. Ncha huchoma, makali hukata, na kitu butu, kama rungu au jiwe, hupasua na kuvunja.

Jeraha la kuchomwa laweza kuwa dogo juu ya ngozi na refu sana ndani. Jeraha la kukatwa huwa refu juu ya ngozi kuliko kina chake, na kingo zake huwa zimenyooka. Jeraha la kitu butu huwa na kingo zilizochanika na michubuko pembeni. Daktari atayaona hayo na kuyaandika. Sasa fikiri, ndugu msomaji, ikiwa askari wa kwanza kufika mahali pa tukio ameandika "ncha kali" kwa mazoea tu, na daktari akaandika jeraha la kukatwa, na kielelezo kilicholetwa mahakamani ni panga. Wakili wa mshitakiwa hatahitaji maneno mengi. Atauliza swali moja: hiyo ncha iko wapi? Pengine mwuaji atatoka mlangoni kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwa uvivu.

Dawa yake ni nyepesi. Andika ulichokiona. Ikiwa hujui kilichotumika, eleza jeraha lilivyo, urefu wake na mahali lilipo, nawe uache jina la silaha hadi ithibitike.

"MTUHUMIWA ALIKUWA MKALI"

Iko kauli nyingine iliyo na hatari kubwa zaidi, nayo hupatikana katika taarifa za askari wa jeshi na wa polisi sawasawa: "Raia huyo alikuwa mkali, ikabidi nguvu zitumike." Tunaomba wasomaji waitazame kauli hiyo kama anavyoitazama hakimu. Alikuwa mkali kwa namna gani? Alipaza sauti? Alikunja uso? Alikataa kuonyesha kitambulisho? Aliuliza anakamatwa kwa kosa gani, jambo ambalo ni haki yake? Au alichomoa kisu? Yote hayo yaweza kuitwa ukali kwa Kiswahili, lakini ni la mwisho tu linaloweza kumpa askari sababu ya kujilinda kwa nguvu nzito.

Mwaka 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za mwenendo wa watekelezaji wa sheria. Kifungu cha tatu chasema kwamba nguvu zitumike pale tu inapokuwa lazima kabisa, na kwa kiasi kinachohitajiwa na kazi iliyopo. Mwaka 1990, katika mkutano uliofanyika Havana, misingi ya matumizi ya nguvu na silaha za moto ikafafanuliwa zaidi: njia zisizo za nguvu zitangulie, na silaha ya moto isielekezwe kwa mtu ila kwa kujilinda au kuwalinda wengine katika hatari ya kifo au majeraha mabaya, au kwa kuzuia jambo la uzito wa namna hiyo. Katika maandishi hayo hakuna mahali paliposemwa kwamba mtu aweza kupigwa kwa kuwa ni mkali. Kinachopimwa ni kitendo. Askari anayeandika "alikuwa mkali" bila kutaja kitendo amejinyima ushahidi wake mwenyewe. Na kama alitenda haki, ameifunika haki yake kwa blanketi.

AMRI KALI NA MTU MKATILI

Hatusemi kwamba ukali hauna nafasi katika jeshi. Jeshi lisilo na ukali ni mkusanyiko wa watu wenye bunduki, nao ni hatari kwa kila mtu. Lakini ukali unaotakiwa ni ule wa kwanza, ukali wa makali ya chuma, siyo ukali wa yule mbwa wa langoni.

Mfano wake ni amri ya gwaride. Amri ina sehemu mbili: ya kwanza hutahadharisha, nayo huvutwa, ya pili hutekelezwa, nayo hukatwa. "Nyuma..." askari hujiandaa, kisha "geuka!" na miguu mia hupiga ardhi kwa pamoja. Sauti ya neno la pili sharti iwe kali. Ikilegea, mmoja atageuka kabla na mwingine baada. Je, anayetoa amri amekasirika? Hata kidogo. Huenda asubuhi hiyo amekunywa chai yake kwa furaha. Ukali wa sauti yake ni wa kazi, nao hukoma kazi inapokoma.

Ndiyo maana Kiswahili kimetupa maneno mengine, ili tusilazimike kuyasonga yote katika moja. Aliye tayari kukabili hatari ni hodari au shupavu. Asiyelegeza sheria kwa rafiki wala kwa adui ni mkali, na hiyo ni sifa. Anayeonea watu kwa kutegemea nguvu zake ni jeuri. Anayefurahia maumivu ya mwingine ni katili. Mkufunzi anayemwamuru kuruta arudie zoezi mara kumi hata alijue ni mkali. Anayempiga teke akiwa amelala chini ni katili, hata kama kombania nzima itamwita mkali kwa kuogopa kutumia jina lake halisi. Ukatili ukiitwa ukali hupata hifadhi ya heshima isiyostahili.

Mtazame pia mbwa wa polisi, maana kibao cha langoni kimemharibia jina. Mbwa anayefaa kwa kazi si yule anayemrukia kila apitaye. Ni yule anayeachilia mara tu mshikaji wake anaponena. Mbwa asiyeweza kuitwa akarudi hafai kwa kazi hata akiwa na meno namna gani. Wahenga walikwisha kusema: simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kadhalika ukali wa ulimi una mpaka wake, hata vitani. Mkataba wa tatu wa Geneva wa mwaka 1949, unaohusu mateka wa vita, unamlazimu mateka kutaja jina lake, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake. Akikataa kujibu zaidi ya hapo, mkataba wakataza asitishwe wala asitukanwe. Adui aliyekuwa akikupiga risasi saa moja iliyopita amekingwa na sheria asikutwe na maneno yako makali. Ikiwa adui amepewa kinga hiyo, raia aliyekuja kuuliza njia anastahili nini?

LUGHA ILIYOPATA JINA BAYA

Sasa tuurudie ule urithi wa Kikeya. Kwa muda mrefu Waganda wengi hawakukipenda Kiswahili, na sababu si sarufi yake. Walikisikia mara nyingi kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, lakini mwananchi wa kawaida aliendelea kukutana nacho kwenye vizuizi vya barabarani, katika vitenzi vya kuamuru visivyo na "tafadhali". Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maneno mawili yasiyo na ubaya wowote, "panda gari", yaligeuka kuwa jina la misako mjini Kampala, ambamo watu walikusanywa na kupakiwa katika malori ya jeshi. Katika Kiswahili chote hakuna neno lililo jepesi kuliko "panda", wala hakuna chombo cha kawaida kuliko gari. Hata hivyo maneno hayo yakawa makali kuliko panga, kwa sababu ya sauti zilizoyatamka na yaliyofuata baada yake.

Historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipomwondoa Amin, watu wa Kampala walisikia Kiswahili cha namna nyingine, chenye "ndugu" na "mzee" na "naomba". Luganda ikalichukua neno "wakombozi" na kulivika vazi lake: bakombozi. Lugha ni ile ile, na bunduki ni zile zile. Kilichotofautiana ni namna ya kumwita mtu.

Funzo hilo halikupotea. Kanuni za mwenendo za wapiganaji wa NRA, zilizotumika msituni na baadaye kuingizwa katika sheria, zilimkataza askari kumtukana raia, kumfokea au kumpiga. Tuangalie kwamba kufoka kumewekwa katika safu moja na kupiga. Na mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Heshima hiyo haiwezi kulindwa na Bunge peke yake. Italindwa au itavunjwa na askari aliye kizuizini saa mbili usiku, anapomulika tochi ndani ya gari la abiria.

KALI ILIYO SIFA

Tusimalize bila kutaja kwamba wananchi wenyewe wamelipa neno hili maisha mapya. Mafundi wa Kenya waliofua mabati na kuunga vyuma bila paa juu ya vichwa vyao waliitwa watu wa jua kali, na jina lililotokana na mateso ya jua likawa jina la sekta nzima ya uchumi. Leo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huwa na maonyesho yao ya pamoja yanayoitwa Jua Kali na Nguvu Kazi. Huko Tanzania dawa za virusi vya UKIMWI zilijulikana kwa watu kuwa ni dawa za kupunguza makali, usemi ulio sahihi sana, kwa kuwa hazikiondoi kisu bali hukifanya butu. Na vijana, kutoka Dar es Salaam hadi Kampala, husema wimbo ni mkali wakimaanisha kwamba umewapendeza, nao humwita fundi wa jambo lolote "mkali wa" jambo hilo.

Sisi tunaipenda maana hiyo ya vijana, na tungependa askari wetu aistahili. Awe mkali wa kulenga shabaha, mkali wa kusoma ramani, mkali wa kuandika taarifa isiyotikisika mahakamani. Macho yake yawe makali katika lindo, na bunduki yake iwe safi. Lakini anapomsimamisha mama mwenye mzigo kichwani, aseme, "Shikamoo mama, naomba tuangalie mzigo wako." Upekuzi utakuwa ule ule, wala hakuna kitakachofichika kwa sababu ya salamu. Tena mama huyo, akiona kesho mgeni asiyemwelewa kijijini, atajua mlango wa kuubishia. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, nasi katika kazi yetu tuna nyoka wengi wa kuwatoa.